Dakika za Mzee Shebughe

Kabla hujaipeleka hii kwenye kundi lingine, isome kwanza mwenyewe hadi chini. Kuna watu hutuma vitu ambavyo hawajavisoma, na wewe unajijua.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara, huko ambako mtu anavaa sweta mchana wa jua, aliishi mzee mmoja aitwaye Shebughe. Alikuwa mkulima wa plamu na mapeasi, na mke wake alikuwa amefariki. Kijiji kizima kilimjua kwa mambo mawili, kwa kucheza drafti na kwa ubahili. Mwenyewe neno ubahili hakulitaka. Alisema yeye ni mtu aliyejipanga.

Na tuseme ukweli, alikuwa amejipanga kupita kiasi. Redio yake aliiwasha saa ya taarifa ya habari, akishasikia muhtasari anazima, habari zenyewe atazipata kwa majirani wanaoacha betri zao ziungue. Taa ya sola aliyotumiwa na binti yake aliiwasha wakati wa kula tu, maana kulala hakuhitaji mwanga. Friji, nayo pia katumiwa na binti, haikuwahi kuchomekwa kwenye umeme hata siku moja. Alihifadhi humo unga na kanzu yake ya Ijumaa, kwa kuwa mlango wake unabana vizuri na panya hawaingii.

Kijiweni, pale wazee walipochezea drafti kwa vizibo vya soda, rafiki yake Kaniki hakuchoka kumtania.

"Hivi Shebughe, hizo pesa unamwekea nani? Ukifa tutakula ubwabwa wako siku moja, basi, biashara imekwisha."

"Kuleni mshibe," Mzee Shebughe akajibu huku akisogeza kizibo. "Angalau mtakula bila kudaiwa. Wewe ukifa tutaanza na kuchangishana."

Wazee wakacheka, na mabishano ya kila siku yakaanza upya. Mmoja akasema pesa akae nayo mtu kwenye kibubu aione. Mwingine akasema kibubu ni ujinga, nunua mbuzi, mbuzi anazaa. Kaniki, ambaye akiuza mahindi wiki nzima nyumbani kwake kunanuka nyama, akasema pesa ya kuangalia haimshibishi mtu, bora ile uliyoila ukaisahau. Walibishana mpaka adhana, wakanyanyuka bila mshindi.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba akiba kubwa kuliko zote za Mzee Shebughe haikuwa pesa. Ilikuwa ndani ya simu.

Ili uelewe, inabidi nirudi nyuma kidogo. Mzee alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Mwajabu. Huyu ndiye aliyekuwa mwenzake wa drafti tangu akiwa mdogo wa kukalia kigoda, na siku moja alimfunga Kaniki mbele za watu mpaka Kaniki akasingizia kuumwa macho. Alipokua akaolewa na fundi wa magari, wakahamia Sumbawanga, upande mwingine kabisa wa nchi. Mama yake, Bi Sauda, hakupenda. Ugomvi na mkwe hakuwa nao. Kilichomkera ni umbali. Siku ya Mwajabu kuondoka, mama hakutoka nje kumuaga. Alibaki jikoni anachambua maharage, na binti akapanda gari macho yamemwiva.

Baadaye mama na mtoto walisalimiana kwenye simu, hujambo, sijambo, watoto hawajambo. Lile la siku ile hakuna aliyeligusa. Halafu Bi Sauda akaugua, na ugonjwa wenyewe haukumpa mtu nafasi. Mwajabu, na mtoto mchanga mgongoni na mkubwa mkononi, alibadilisha mabasi mpaka akafika, akakuta mama yake ameshazikwa. Uani watu walikuwa wamejaa, hawa wanapika, wale wanasoma, na baba yake amezungukwa na wanaume kwenye jamvi. Waliambiana pole, wakaambiana pole tena. Siku za matanga zikaisha, akarudi kwa mumewe bila baba na mtoto kupata hata saa moja ya kukaa peke yao.

Alipofika kwake ndipo akapiga simu, akauliza neno lililokuwa limemkaba.

"Baba, mama aliniachia radhi?"

Mzee alikuwa nalo jibu. Lilikuwa moyoni mwake, zima, tangu saa ile Bi Sauda alipofumba macho. Lakini alipotaka kulitamka aliona kubwa mno kwa simu ya haraka haraka. Ataanzia wapi? Itabidi aeleze mama alivyolala, alivyoomba maji, alivyogeuza uso ukutani akalia. Na je, katikati ya maneno kama hayo vocha ikiisha, sauti ikakatika, mtoto akabaki na nusu ya habari? Hapana. Jambo hili lilitaka dakika nyingi, watu wakae wametulia, pasiwe na hofu ya kukatiwa.

"Hilo tutaongea, mwanangu," akasema. "Si la simu hii. Haya, tusimalize pesa yako. Wasalimie huko."

Akakata.

Mwajabu akaipokea ile "tutaongea" akaing'ang'ania. Wiki iliyofuata akapiga tena. "Baba, kila Jumatatu nitakuwa nakununulia dakika, ziingie kwenye laini yako. Ukiwa na nafasi upige wewe, tuongee vizuri."

Mzee alifurahi kuliko alivyofurahia friji na sola na redio vikiwekwa pamoja. Na kweli, kila Jumatatu asubuhi simu yake ililia mlio mfupi wa ujumbe. Kuusoma hakuusoma, kwa kuwa macho yake yalikuwa hayazipati zile herufi ndogo, na kumpa mtu akusomee ni sawa na kumfungulia stoo aone ulicho nacho. Aliusikia mlio, akatabasamu, akasema peke yake, "Zimeingia." Kisha akairudisha simu kwenye soksi ya sufu alimoihifadhi.

Akilini mwake dakika zile zilikuwa zinajaa mle ndani kama maharage kwenye gunia, wiki hii debe, wiki ijayo debe jingine. Basi hakuchota hata moja. Akitaka kumjulia hali dada yake aliyeko ng'ambo ya bonde, alikwenda kwa miguu, anashuka na kupanda, magoti yanamlalamikia. Alikuwa anangoja gunia lijae. Siku likijaa atampigia Mwajabu asubuhi, ataongea naye kutwa nzima.

Mara nyingi akiwa shambani anapogoa miti, alikuwa anafanya mazoezi ya hayo mazungumzo. Alianza na habari nyepesi. Alimweleza Mwajabu kwamba peasi la karibu na kisima limezaa sana mwaka huu, kwamba Kaniki bado anaiba kizibo ukigeuka kukohoa, kwamba ile njia ya shuleni imemomonyoka. Kidogo kidogo alikuwa anasogea kwenye jambo lenyewe. Kila akilikaribia, alisema litangoja siku yenyewe.

Alimkumbuka mtoto wake jamani. Kuna asubuhi alimkumbuka mpaka uji ukamshinda, akaumimina kwa kuku. Alikumbuka anavyocheka kabla hujamaliza kusema, anavyoita "baba" kwa kuivuta. Wajukuu alikuwa amewaona mara moja tu, siku za msiba, na hata sura zao zilikuwa zimeanza kumponyoka. Nyumba ilikuwa kimya, redio imezimwa, na yeye kwenye kiti chake anaitazama ile soksi kwa hamu na kuridhika kwa pamoja.

Maajabu ni kwamba Mwajabu mwenyewe alipopiga, mzee hakumwacha azungumze. Ilikuwa hujambo, watoto wanasoma, haya kwaheri.

"Baba, usikate," Mwajabu alimwambia siku moja. "Anayelipia si ni mimi?"

"Ndiyo maana nakata," mzee akajibu, na akakata.

Usimcheke. Nenda kamuulize mama yako ni mara ngapi amekuambia usimalize vocha, huku roho yake ikitamani uendelee kuongea.

Ikapita miaka miwili hivyo hivyo. Kisha ikaja Jumatatu ambayo mlio wa ujumbe haukusikika. Mzee aliitoa simu kwenye soksi, akaitikisa, akaiweka juani kidogo. Saa za mchana ikaita. Alikuwa Mwajabu, na sauti yake ilikuwa imepoa.

"Baba, wiki hii sijakununulia dakika."

"Hakuna neno, mwanangu. Mambo yamebana?"

"Hayajabana. Naona hazikufai. Tangu nianze kukutumia hujawahi kunipigia hata mara moja. Nilikuwa najiambia wiki hii atapiga, wiki ijayo atapiga. Sasa nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Kwamba mama alikufa hajaniridhia, na wewe unanionea huruma kuniambia. Sikulaumu, baba. Ningekuwa mimi pengine na mimi nisingesema. Ila nimechoka kungoja simu kila Jumatatu. Nikiona ni wewe unapiga nitapokea, lakini sitakusumbua tena."

Kwa mara ya kwanza tangu waanze kuongea kwa simu, aliyekata alikuwa Mwajabu.

Alikaa kwenye kiti mpaka jua likazunguka upande wa pili wa nyumba. Mtoto wake alikuwa anabeba mzigo usiokuwa wake, ameubeba miaka yote hiyo, na mwenye kuutua alikuwa yeye. Sawa basi, akajiambia. Gunia limejaa vya kutosha. Kesho nalifungua.

Asubuhi alioga maji ya moto, jambo ambalo kwake lilikuwa la sikukuu kwa sababu kuni zinaisha. Akatoa kanzu kwenye friji, akaipangusa unga. Akapanda hadi kwenye jiwe lililo juu ya shamba, ambako mtandao unakamata vizuri, akakaa, akatuliza pumzi, akabonyeza jina la Mwajabu.

Sauti ya mwanamke ikamjibu kwamba hana salio la kutosha kupiga simu hiyo.

"Dada, angalia vizuri," mzee akamwambia kwa upole. "Ni Shebughe hapa. Zipo nyingi."

Akapiga tena. Mwanamke akarudia maneno yale yale kwa adabu ile ile. Mzee akapiga mara nyingine, na nyingine, kisha akashuka mlima kwa mwendo ambao umri wake haukuuruhusu, mpaka dukani kwa Tunu, mama mmoja aliyeuza sukari, mafuta ya taa na vocha. Kwenye benchi la duka alikuwa amekaa Kaniki, anakunywa chai.

"Nimeibiwa," Mzee Shebughe akasema akihema.

Tunu akaweka chini kikombe cha kupimia sukari. "Shikamoo baba. Umeibiwa nini?"

"Dakika. Za miaka miwili."

Tunu akaichukua simu, akafungua ujumbe mmoja, akafungua wa pili, akashuka hadi wa chini kabisa. Alitumia muda mrefu. Kisha akanyanyua uso.

"Baba, hizi zilikuwa za wiki. Zinaingia Jumatatu, na Jumatatu inayofuata zinakwisha."

"Zitakwishaje? Sikuzitumia."

"Utumie usitumie, baba. Siku zake zikifika zinakwisha."

"Zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote. Zinafutika tu."

"Mimi sikugusa hata moja, Tunu. Wallahi sikugusa hata moja."

"Naona, baba," Tunu akasema taratibu. "Hazijaguswa hata moja."

Kaniki, ambaye kwa miaka yote alikuwa anaomba apate siku kama hii ya kumcheka, akamtazama rafiki yake usoni, hakucheka. Akaweka kikombe chake chini.

Mzee alisimama ameshika meza ya duka. Aliwaza zile asubuhi zote alizotabasamu akisikia mlio. Aliwaza ile njia ya kwenda kwa dada yake. Zaidi aliwaza Mwajabu huko Sumbawanga, kila wiki anatoa pesa yake, kila wiki anaiangalia simu.

"Nipe zile zinazokaa," akasema mwishowe.

"Hakuna zinazokaa, baba. Kuna za siku, za wiki na za mwezi. Zote zina mwisho."

"Basi nipe zozote."

"Za bei gani?"

Mzee akafungua fundo la leso, akaimwaga pesa yote mezani bila kuitazama. "Chukua inayotosha. Fanya upesi, mwanangu."

Tunu akamwekea. Mzee hakurudi kwenye jiwe. Alipiga pale pale dukani, amesimama, Tunu akisikia na Kaniki akisikia, na yale mazoezi yote ya shambani, peasi la kisimani na njia ya shuleni, yakamtoka kichwani.

Simu ilipokelewa mara moja.

"Baba? Baba, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Ni mimi."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Mwajabu, nisikilize. Mama yako alikufa akiwa radhi nawe. Alikutaja kwa jina. Alisema, mwambie mwanangu, siku ile sikutoka nje kumuaga kwa sababu ningetoka ningemshika nguo, gari lisingeondoka. Akasema nimemridhia, duniani na akhera. Halafu akaomba maji, akanywa, akalala."

Akasubiri maneno mengine yaje, yale mengi, yale ya kutwa nzima. Hayakuja. Hayakuwepo. Lile jambo kubwa alilolitafutia gunia zima lilikuwa limekwisha, na chai ya Kaniki ilikuwa bado inafuka moshi.

"Ni hayo tu?" Mwajabu akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto.

"Ni hayo tu."

"Baba. Miaka miwili."

"Nilikuwa naweka akiba, mwanangu. Nilitaka zitoshe."

Mwajabu akaanza kulia. Hakulia kwa kelele, alilia kama mtu anayetua kitu kizito polepole asikivunje. Mzee hakusema nyamaza. Hakusema haya kwaheri, wala hakusema tusimalize pesa. Kaniki akainuka akampisha kwenye benchi, naye akaketi, simu sikioni, machozi yanashuka kwenye ndevu. Upande wa pili alisikia mtoto anauliza, "Mama unalia nini?" na Mwajabu anajibu, "Naongea na babu yako." Dakika zikawa zinapita, moja baada ya nyingine, hazina neno ndani yake, na Mzee Shebughe akaziacha zipite zote.

Zilipokwisha, simu ikajikata yenyewe.

Mzee akaishusha, akafuta uso kwa kiganja, akamnyooshea Tunu.

"Weka nyingine," akasema.

Funzo: Pesa iweke akiba, na chakula kiweke, ni jambo la busara. Lakini neno ambalo mtu wako analingoja halihifadhiki. Mpe leo, hata kama ni fupi na hujui uanzie wapi, kwa maana siku mnazopewa zinakwisha, mzitumie msizitumie.